Kufunga Shokapu Mpya za Nyuma kwenye Pikipiki ya Safari Ndefu

Maswali ni yaleyale. Ninunue urefu gani? Nikaze bolti kiasi gani? Mbona nimefunga mpya na nyuma bado inanesa? Mwongozo huu ni kwa ajili yako unayetaka kufanya kazi hii mwenyewe kwa mara ya kwanza. Unahusu pikipiki kubwa za safari, zile zenye masanduku ya pembeni na siti ya watu wawili. Shokapu zake zinaweza kuwa mbili za pembeni, kama kwenye Harley-Davidson za Touring, au moja ya katikati, kama kwenye Honda Gold Wing GL1800 na BMW R1200RT.

Niseme jambo moja mapema. Kufungua na kufunga bolti ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Sehemu inayofanya pesa yako irudi ni kupima na kurekebisha ukishafunga, na hiyo ndiyo wengi wanaiacha. Shokapu ya bei mbaya iliyofungwa bila kupimwa inaweza kukupa safari mbovu kuliko ya kiwandani iliyorekebishwa vizuri.

KABLA YA KUNUNUA

Anza na urefu. Shokapu hupimwa kutoka katikati ya jicho la juu (tundu linalopita bolti) hadi katikati ya jicho la chini, ikiwa imenyooka na haina mzigo. Kama huna sababu ya maana, baki na urefu wa kiwandani. Shokapu fupi hushusha siti, kweli, lakini pia hufanya vyuma vya chini viguse barabara mapema kwenye kona, na stendi ya pembeni huiacha pikipiki ikiwa wima mno, kiasi kwamba upepo unaweza kuiangusha upande wa pili. Shokapu ndefu huinua nyuma na kufanya usukani uwe mwepesi kugeuka, na kwa mtu aliyebeba mzigo wa safari huo si wepesi anaoutafuta. Kwenye pikipiki zenye shokapu moja iliyounganishwa kwa vyuma vya kati, kumbuka kwamba milimita 5 kwenye shokapu zinaweza kuwa milimita 10 au zaidi kwenye gurudumu.

Kisha springi. Muuzaji mzuri atakuuliza uzito. Usimtajie kilo zako ukiwa umetoka kuoga. Mtajie uzito wako ukiwa na helmeti, jaketi na buti, uzito wa abiria kama kwa kawaida unambeba, na uzito wa mizigo. Watu hupunguza kilo hapa kwa aibu, halafu wanalalamika miezi kadhaa baadaye kwamba shokapu ni laini.

Na hapa ndipo penye dhana potofu inayosumbua kuliko zote: kwamba springi laini unaweza kuifanya ngumu kwa kuikaza zaidi, yaani kuibana kwa ringi yake. Hapana. Springi ya kawaida ya 90 N/mm inadai nguvu ya nyutoni 90 kwa kila milimita inayobonyea, uikaze usiikaze. Kuikaza kunabadilisha tu urefu ambao pikipiki inasimama nao. Ikiwa springi hailingani na uzito wako, dawa ni kubadilisha springi.

Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja cha ziada, chukua kile kitufe cha kuzungusha kwa mkono kinachokaza springi kwa mpira wa oili. Leo uko peke yako, kesho una abiria na masanduku yamejaa. Utakitumia kuliko kitu kingine chochote kwenye shokapu hiyo, na kuliko hizo rangi za dhahabu zinazovutia dukani.

Kama pikipiki yako ina shokapu za umeme, zile unazobadilisha ugumu kwa swichi ya usukani, hakikisha unachonunua kimetengenezwa kwa ajili ya mfumo huo au kinakuja na plagi yake ya kuziba nafasi. La sivyo taa ya onyo itawaka mara tu utakapochomoa waya.

UNACHOHITAJI

- Kitabu cha ufundi cha pikipiki yako, modeli na mwaka wake hasa. Nguvu za kukaza zilizomo humo ndizo utakazotumia, isipokuwa karatasi ya shokapu iseme vingine.
- Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Hii si ya hiari.
- Soketi, racheti yenye mkono mrefu, spana za kawaida na funguo za pembe sita.
- Spana ya ndoano ya kuzungushia ringi ya springi. Mara nyingi huja ndani ya boksi.
- Jeki ya kunyanyulia pikipiki, na jeki ndogo au vipande vya mbao vya unene tofauti vya kuweka chini ya tairi.
- Mikanda ya kufungia mizigo, angalau miwili.
- Futi ya chuma au ya kitambaa inayosoma milimita, karatasi ya gundi, kalamu.
- Brashi ya waya, dawa ya kulegeza kutu, grisi, gundi ya nyuzi ya nguvu ya kati (mara nyingi huwa ya bluu).
- Mtu wa kukusaidia. Kwa kufungua si lazima, kwa kupima ni lazima.

HATUA KWA HATUA

1. Pima pikipiki ilivyo sasa, kabla hujagusa bolti yoyote. Bandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye bodi ya nyuma, wima juu ya ekseli, uweke alama ya kalamu. Pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama, pikipiki ikiwa imesimama wima kwa magurudumu yake. Andika. Utajua baadaye kama nyuma imepanda au imeshuka, na hutabaki kubahatisha.

2. Acha ekzosi ipoe. Vua masanduku ya pembeni, siti, na vifuniko vinavyoziba bolti za shokapu. Piga picha kila unapofungua kitu, hasa mpangilio wa washa na bushi. Washa moja ikienda upande usio wake, shokapu hukaa mshazari na bushi hufa mapema.

3. Simamisha pikipiki. Nyingi za aina hii huzidi kilo 250, na nyingine hupita 400, kwa hiyo hapa usiwe na haraka. Kama ina dabo stendi, itumie. Kama haina, nyanyua kwa jeki chini ya fremu. Usinyanyulie kwenye sampu ya oili wala kwenye ekzosi. Zuia gurudumu la mbele lisizunguke, kisha funga mikanda kutoka kwenye fremu kwenda kwenye jeki au kwenye kitu kizito pande zote mbili.

ONYO: Ile stendi ya karakana inayoinua pikipiki kwa kushika swingamu (ule mkono unaobeba gurudumu la nyuma) haifai kabisa kwa kazi hii. Uzito wa pikipiki unafika kwenye stendi hiyo kupitia shokapu. Ukichomoa bolti ya mwisho, nyuma yote inashuka juu ya tairi, na vidole vyako viko katikati.

4. Kama shokapu za zamani ni za upepo, toa upepo wote kwanza, polepole, ukiwa umeweka kitambaa kwenye valvu. Mara nyingi hutoka na matone ya oili, na oili hiyo ikirukia diski ya breki utaijua kwenye kona ya kwanza.

5. Tegemeza gurudumu. Weka jeki ndogo au mbao chini ya tairi mpaka shokapu isiwe imevutwa wala kubonyezwa. Utajua umefika pale bolti ya chini, ikishalegezwa, inapozungushwa kwa vidole bila kukwama.

6. Fungua. Kwa pikipiki yenye shokapu mbili, toa ya upande mmoja, funga mpya ya upande huo, ndipo uhamie upande wa pili. Upande uliobaki unaishikilia swingamu mahali pake, na kazi inakuwa nusu. Kama mpya ni ndefu au fupi kuliko za zamani, njia hii haitakubali. Itabidi utoe zote mbili huku gurudumu likiwa limetegemezwa vizuri. Kwa shokapu ya katikati, fungua bolti ya chini kwanza, kisha ya juu, huku mkono mmoja umeishika shokapu. Mara nyingine itabidi ufungue pia vyuma vya kati ili ipate njia ya kupita. Bolti ikikataa, pulizia dawa ya kutu na usubiri. Usipige nyundo moja kwa moja kwenye ncha ya bolti. Nyuzi zitakufa na nati haitatoka tena.

7. Weka ya zamani na mpya sambamba juu ya meza. Linganisha urefu, tundu la bushi na upana wa jicho. Hapa kuwa mkali. Jicho likiwa jembamba kuliko nafasi ya uma unaolipokea, linahitaji spesa. Usikaze bolti ili kuulazimisha uma ujibane. Unaupinda na siku moja utapasuka. Tundu likiwa kubwa kuliko bolti, shokapu itagonga kila unapopita kwenye shimo. Kama kimojawapo hakilingani, simama hapo na urudishe mzigo kwa muuzaji ungali msafi.

8. Safisha. Piga brashi nyuzi za bolti na sehemu ambazo jicho linakaa. Kama shokapu zote ziko nje, shika swingamu uipandishe na kuishusha kwa mkono, kisha uisukume kushoto na kulia. Ipande na kushuka bila kukwaruza, na isicheze hata kidogo kwa pembeni. Ikicheza, beringi zake zimekwisha, na hakuna shokapu duniani itakayoficha hilo. Vyuma vya kati vyenye beringi vipake grisi mpya sasa. Kurudi humu tena ni usumbufu.

9. Funga mpya. Angalia alama za kushoto na kulia, na upande gani uende juu. Fuata karatasi, kwa sababu si kila shokapu inaweza kugeuzwa chini juu. Anza na bolti ya juu, uipenyeze bila kukaza. Kisha pandisha au shusha jeki ndogo kidogo kidogo mpaka tundu la chini lilingane. Bolti iingie kwa kusukumwa na vidole. Ukiona unataka nyundo, urefu wa jeki haujakaa sawa, basi.

10. Kaza. Nyuzi ziwe safi na kavu, au ziwe na gundi pale kitabu kinapotaka gundi. Usipake grisi kwenye nyuzi kama hukuelekezwa: grisi hupunguza msuguano, spana ya toki inasoma nambari ileile lakini bolti imevutwa zaidi ya inavyostahimili. Kama bushi ni za mpira ulioshikamana na chuma cha ndani, kaza kidogo tu sasa, shusha pikipiki isimame kwa uzito wake, ndipo ukaze kwa nambari kamili. Ukizikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira unabaki umejisokota kila wakati unapoendesha, na utachanika. Nambari ya toki usiichukue kwa mtu mwenye pikipiki inayofanana na yako. Hata modeli ileile inaweza kubadilishiwa bolti kutoka mwaka mmoja hadi mwingine.

11. Pitisha mipira na waya. Mpira wa kitufe cha kukaza springi na ule wa tanki dogo la gesi visiguse ekzosi, visipite karibu na tairi, na visipindwe kwa kona kali. Usiufungue mpira wa tanki la gesi kwa sababu yoyote ile. Ndani mna naitrojeni yenye shinikizo kubwa, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye mtambo wake. Kama shokapu mpya ni ndefu, hakikisha pia mpira wa breki na waya wa ABS (mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge unapofunga breki) bado vimelegea gurudumu likiwa limeshuka mpaka mwisho.

12. Angalia cheni au mkanda. Urefu wa nyuma ukibadilika, mlegeo nao unabadilika. Rekebisha kwa kipimo cha kitabu.

KUPIMA MBONYEO

Mbonyeo ni kiasi ambacho nyuma inashuka kwa uzito. Unahitaji vipimo vitatu, vyote kutoka ekseli hadi ile alama yako ya kalamu.

Cha kwanza: gurudumu likiwa hewani kabisa. Cha pili: pikipiki wima chini kwa uzito wake tu. Cha tatu: wewe juu yake umevaa kila kitu, miguu kwenye pedali, masanduku yakiwa na mzigo wako wa kawaida, msaidizi wako ameishika isianguke. Hapa utahitaji mtu wa pili wa kusoma futi, au wewe uegemee ukuta kwa kiwiko ili msaidizi aliyepo asome futi.

Kwa cha pili na cha tatu, inua nyuma kidogo uiache ishuke yenyewe, usome. Kisha ibonyeze uiache ipande yenyewe, usome tena. Chukua katikati ya namba hizo mbili. Mpira na sili hushika kidogo, ndiyo maana kipimo kimoja hudanganya.

Tuseme gurudumu likiwa hewani umepata milimita 610, pikipiki peke yake 597, ukiwa juu yake 575. Mbonyeo wa pikipiki peke yake ni 13. Mbonyeo wa mzigo ni 35. Kwa pikipiki ya safari ambayo gurudumu lake lina mwendo wa milimita 110 hivi, hapo pako vizuri. Kanuni rahisi: mbonyeo wa mzigo uwe karibu theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu, na pikipiki peke yake ishuke milimita 5 hadi 15 au zaidi kidogo. Kama karatasi ya shokapu yako inatoa namba nyingine, ifuate hiyo.

Mbonyeo wa mzigo ukiwa mkubwa, kaza springi. Ukiwa mdogo, legeza. Kwenye shokapu zenye ringi, safisha nyuzi za bodi kwanza, tia tone la oili, legeza ringi ya kufungia, ndipo uzungushe ya chini yake kwa spana ya ndoano. Bisibisi na nyundo huziharibu ringi hizo. Za alumini hukatika meno kama biskuti.

Sasa soma vipimo viwili kwa pamoja, maana ndivyo vinavyokuambia habari ya springi. Ukipata mbonyeo sahihi wa mzigo lakini pikipiki peke yake haishuki kabisa, springi ni laini na umeikaza mno kuificha. Ukipata mbonyeo sahihi wa mzigo lakini pikipiki peke yake inashuka sana, springi ni ngumu kuliko uzito wako. Mpigie muuzaji, mpe namba hizo. Wengi hubadilisha springi bila ugomvi ukienda na vipimo badala ya malalamiko.

RIBAUNDI

Ribaundi ni breki inayopunguza kasi ambayo shokapu inarudi juu baada ya kubonyea. Funga kitufe chake polepole mpaka mwisho bila kukilazimisha, kisha kifungue ukihesabu mibonyezo (kila "klik" unayoisikia ni mmoja) mpaka ufike pale karatasi ya shokapu inaposema. Andika hesabu hiyo. Simama pembeni, bonyeza siti kwa nguvu na uachie. Nyuma inapaswa kupanda mara moja na kutulia. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, ongeza. Ikipanda kwa kusinzia, punguza. Kama kuna kitufe cha kompresheni (breki ya shokapu inapobonyea), kiache kwenye nafasi ya kiwandani mpaka ribaundi iwe sawa. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, mibonyezo miwili kwa wakati, barabara ileile. Ukigeuza vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimesaidia.

Kabla ya kuondoka, angalia taa ya mbele usiku ukutani. Nyuma ikipanda, mwanga unainama. Ikishuka, unawachoma macho wanaokuja. Kisha endesha polepole kwa dakika chache, rudi, gusa kila bolti kwa macho na kwa mkono. Baada ya kilomita 100 hadi 200 pitia nguvu za kukaza tena kwa spana ya toki, isipokuwa bolti zenye gundi, ambazo ukaguzi wa macho unatosha.

MATATIZO NA DAWA ZAKE

Kabla ya yote, pima upepo wa tairi. Malalamiko mengi ya "shokapu ngumu" ni tairi lililojazwa kupita kiasi.

Inagonga "tak" kwenye mashimo madogo: bolti haijakazwa, washa imekosekana, au tundu la bushi ni kubwa. Shika jicho kwa vidole, mtu akiitikisa pikipiki. Mchezo utausikia mkononi.

Inagonga mpaka mwisho kwenye matuta makubwa ukiwa na abiria: rudia mbonyeo na abiria akiwa juu. Kama uko sahihi na bado inagonga, ongeza kompresheni kidogo, isiposaidia, springi. Funga kamba nyembamba ya plastiki kwenye shafti ya shokapu, kama inafikika, uisukume hadi kwenye sili. Baada ya safari itakuonyesha shafti imeingia mpaka wapi.

Inanesa baada ya bonde na kuyumba kwenye kona ndefu: ribaundi haitoshi.

Inaanza vizuri, lakini kwenye barabara yenye mawimbi mfululizo inazidi kuwa ngumu na kushuka: ribaundi imezidi. Shokapu haipati muda wa kurudi kabla ya tuta linalofuata. Wengi huongeza zaidi hapa wakidhani ni laini, na mambo huwa mabaya zaidi.

Usukani mzito, pikipiki inavutwa kwenda nje ya kona: nyuma iko chini mno. Linganisha na kile kipimo cha hatua ya 1.

Usukani mwepesi mno, mbele inatetemeka kwa kasi: nyuma iko juu mno, au mizigo yote umeiweka nyuma ya ekseli.

Unyevu kwenye shafti: utando mwembamba siku za mwanzo huenda ni grisi ya kiwandani. Futa, endesha, angalia tena. Likirudi tone, sili inavuja. Irudishe ikiwa bado na dhamana.

Taa ya ABS imewaka: waya wa kihisio umevutwa au umebanwa ulipokuwa unafunga. Fuata waya kuanzia gurudumuni kabla hujamtafuta fundi wa umeme.

Shokapu za zamani zisitupwe motoni wala kutobolewa, hata kama zimekufa. Nyingi bado zina gesi ndani. Kama bado nzima, zifute, uzihifadhi pamoja na bolti na washa zake, maana siku utakapopeleka mpya kufanyiwa huduma pikipiki itahitaji kitu cha kusimamia.